Lami ya Zamani kwenye Mteremko wa Subukia

Niliitoa keki ya lami kwenye maji ya moto kwa kibanio cha chuma, nikapita nayo katikati ya wanaume wenye masepetu, nikaingia ofisini kwa msimamizi bila kubisha, nikaiweka mezani kwake. Niliiweka juu ya karatasi alizokuwa anatia sahihi. Maji yakasambaa, wino ukaanza kuchuruzika.

"Nini hii?" akauliza.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ngoja katika yadi ile, na nadhani ndiyo sababu alingoja. Keki zetu zilikuwa na umbo la mkebe mfupi, mweusi, na kazi yao ya kwanza ni kusimama. Hii haikusimama. Bega moja lilishuka, la pili likafuata, kisha yote ikaketi polepole na kutanuka, kokoto zikachomoza kama meno, na mafuta meusi yakatoka chini yake yakafuata maji hadi kwenye mkono wa shati lake. Hakuna mtu aliyeigusa. Hakuna lori lililopita juu yake. Ilishindwa kujibeba yenyewe.

"Hii ndiyo unataka niandike kwamba imepita," nikasema.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amelichukua daftari langu la vipimo, akafuta kwa raba nambari tatu nilizoziandika kwa mkono wangu, akanirudishia daftari pamoja na penseli. Aliniambia kwa kile Kiswahili cha wazungu wa mashambani, "Wewe andika ile ya jana. Maneno kwisha." Nilikaa na penseli ile kwa muda wa nusu saa nikitazama karatasi ilivyochubuka mahali raba ilipopita. Halafu nikainuka na kwenda kuchukua keki ya nne.

Nieleze tulivyofika hapo, maana walioniuliza baadaye walidhani niliamka na wazimu.

Yadi yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa reli, mlima wa Menengai ukiwa mgongoni. Kampuni ilikuwa imepewa kandarasi ya kuweka lami kwenye barabara ya Subukia, kuanzia mahali barabara inapoacha mashamba ya juu na kuanza kuteremka bondeni. Lakini si lami mpya. Barabara kuu ya mjini ilikuwa imebomolewa ili itengenezwe upya, na injinia wa serikali aliona ni upumbavu kuitupa lami ile ya zamani wakati nyingine inaletwa kwa treni kutoka pwani. Akasema ivunjwe, ipashwe moto, ichanganywe na kokoto mpya na lami mpya kidogo, ipimwe nguvu, na ikifaa ilazwe kule mteremkoni. Mimi sikuona kosa katika wazo hilo, na hadi leo silioni. Vipande vya lami vililetwa kwa malori vikamwagwa yadini, lundo refu kuliko nyumba, na akina mama walikaa chini yake kutwa wakivunja kwa nyundo.

Mimi niliajiriwa kuandika. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, nikapata mimba, nikafukuzwa. Hayo yametosha. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa reli, akahamishiwa mbali, na huko tumwache. Injinia alitaka mtu anayejua kusoma Kiingereza na kujumlisha bila kukosea, na hakujali kama mtu huyo amevaa suruali au gauni. Msimamizi alijali sana. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kufua. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba nguo zangu ni safi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lami ikichanganywa, unachota kiasi, unakitia katika pete ya chuma kikiwa moto, unakishindilia kwa nyundo nzito inayoangushwa kutoka juu, mara hamsini upande huu, mara hamsini upande ule. Kikipoa unakitoa, ndiyo keki. Unaiweka katika mashine, unazungusha mkono wa mashine, na sindano inapanda kwenye saa yake ya kupimia mpaka keki ivunjike. Unaandika sindano ilipofika. Wanaume wa yadi walinicheka sana. Walisema bibi karani anapika keki kila siku na hajawahi kumkaribisha mtu chai.

Tulikuwa tunazivunja saa moja asubuhi. Ndivyo nilivyoikuta desturi. Msimamizi alipenda kuondoka saa mbili kwenda kutazama barabara, kwa hiyo mambo ya mashine yaishe mapema. Ilikuwa Januari, na mtu anayejua Nakuru anajua asubuhi za Januari zilivyo: unapumua unaona moshi, na mpini wa mashine unakuuma vidole. Keki zilikuwa kama mawe. Sindano ilipanda, ilipanda, mpaka nikaanza kujivuna kana kwamba nguvu zile ni zangu. Kwa wiki sita niliandika *imepita, imepita, imepita*, na herufi zangu ni nzuri, nilifundishwa na watawa.

Lazima niseme kwa nini nilijivuna. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na alikaa Subukia kwa mama yangu, ambaye alikuwa kibarua katika shamba la mzungu mmoja, akikama ng'ombe. Mjini nilikuwa na kitanda kimoja katika chumba cha wanawake wanne, na mwenye nyumba hakutaka watoto. Kwa hiyo kila Jumamosi mama alimpakata mtoto nyuma ya lori la maziwa, wakaketi juu ya madebe, wakapanda mteremko ule hadi Nakuru. Jumapili jioni lori liliwarudisha na madebe matupu. Barabara ilikuwa ya murram, udongo mwekundu wenye changarawe. Mvua ikinyesha, lori lilikuwa linateremka ubavu ubavu kama kaa, na tanboi, msaidizi wa dereva, anatembea kando yake na jiwe mkononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu. Upande mmoja ni ukuta wa udongo. Upande mwingine unaona vilele vya miti.

Nilipoambiwa kwamba mteremko ule utawekwa lami, na kwamba ni mimi nitakayeipima, niliona kama nimetumwa na mama yangu mwenyewe.

Sasa, injinia alikuwa ameacha kijitabu cha maelezo ya vipimo, na kilikuwa kwenye droo chini ya matambara. Msimamizi hakuwa amekifungua. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Nilikisoma Jumapili moja baada ya lori kuondoka na mtoto, kwa sababu Jumapili jioni nilihitaji kitu cha kushika. Katika ukurasa wa nne kimesema wazi kwamba keki isivunjwe ikiwa baridi. Ilowekwe kwanza kwenye maji ya moto ya digrii mia moja na arobaini za Fahrenheiti kwa nusu saa, kisha ivunjwe upesi kabla haijapoa.

Jumatatu nikauliza pipa la kulowekea liko wapi. Wanaume wakatazamana. Pipa lilikuwepo, nusu pipa safi la chuma lenye miguu yake na mahali pa moto chini, lililetwa na injinia mwenyewe. Lakini lilikuwa linapika githeri. Tangu yadi ifunguliwe, mahindi na maharagwe ya vibarua wote yalikuwa yakichemkia humo kuanzia saa nne, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba si sufuria.

"Bibi karani anataka tufunge tumbo ili mawe yaoge," akasema mmoja, na wote wakacheka.

Tuliafikiana kwamba nitalitumia saa mbili hadi saa nne, nilioshe, kisha niwaachie. Jumanne nililoweka keki tatu. Nilikaa na kipimajoto mkononi, nikiongeza kuni na kupunguza, mpaka jasho likanitoka. Baada ya nusu saa nikatoa ya kwanza, nikaitia kwenye mashine, nikazungusha. Sindano ilitetemeka, ikapanda kidogo tu, ikasimama. Keki ilikuwa imeshaanguka. Nilidhani mashine imeharibika. Nikaijaribu kwa keki baridi ya akiba, sindano ikapanda kama kawaida. Nikarudia na ya pili ya moto. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Juu ya maji ya pipa kulikuwa na rangi rangi, ile ya upinde wa mvua unayoiona kwenye dimbwi karibu na gereji. Niliyamwaga, nikasugua pipa kwa mchanga na majivu, nikawapa wenyewe.

Saa saba kelele zikaanza. Mtu alitema. Mwingine akainusa sahani yake, akaimwaga chini. Githeri yote ilikuwa inanuka lori. Wakanijia kundi zima, na sikulaumu hasira yao, mtu amevunja mawe tangu alfajiri halafu anakula mafuta. Nikawaambia nimelisugua, na kwamba mimi sikutia kitu ndani isipokuwa keki zao wenyewe. Hapo mzee mmoja, kiongozi wa watu wa sepetu, ambaye siku zote aliniita binti yangu, akachota kidole kimoja cha mchuzi, akakionja. Akawaambia wenzake waende wakanunue mikate, atasema nami.

Tulisimama nyuma ya lundo. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna maandishi.

"Hiyo ni dizeli yetu, binti yangu," akasema.

Alinieleza bila kuficha. Lami inanata kwenye sepetu, kwa hiyo kila fundi wa lami hulichovya sepetu kwenye dizeli kidogo kabla ya kuchota. Hiyo ni kazi ya kawaida, haina dhambi. Lakini lami ya zamani ni kavu, imeungua na jua miaka mingi, na ikipashwa moto bado ni ngumu kuipindua. Mikono ilikuwa inawavimba. Siku moja mtu mmoja alimwaga mkebe wa dizeli ndani ya karai la kuchanganyia, na mchanganyiko ukawa laini kama uji, mweusi wa kung'aa, unaenda wenyewe. Msimamizi alipita, akauona unang'aa, akasifu. Kesho yake walimwaga mikebe miwili. Baadaye msimamizi mwenyewe akaagiza oili chafu inayotolewa kwenye malori iletwe, kwa kuwa ikitumika hiyo, lami mpya inayotakiwa kuchanganywa inaweza kupunguzwa, na kazi inakwenda haraka. Alitaka kumaliza kabla ya mvua za Machi.

"Asubuhi inashika," mzee akasema. "Inashika vizuri. Wewe mwenyewe umeipima."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeipima. Wiki sita.

Nikamwuliza kama anajua nani hupita kwenye mteremko ule. Akaniambia anajua, hata yeye ana dada Subukia. Akaniambia pia kwamba vijana wake hawatanishukuru, maana bila mafuta kazi itawarudisha kwenye mikono kuvimba, na kazi ikisimamishwa watarudishwa makwao, na siku zile kila mtu alijua kurudishwa kwao kulivyo: kibali chako cha kukaa mjini ni ile kazi uliyo nayo, basi. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Sikuwa na haja ya kuelezwa.

"Lakini ukiulizwa," nikasema, "utasema ulichoniambia?"

Akavaa kofia. "Nikiulizwa na mtu mwenye kalamu, nitasema. Nikiulizwa na yule msimamizi, mimi ni mzee, sisikii vizuri."

Nilikwenda kwa msimamizi siku hiyo hiyo kwa adabu zote. Nilimwonyesha kijitabu, ukurasa wa nne. Nilimwambia keki zinashika zikiwa baridi na zinaanguka zikiwa moto, na kwamba sababu ni mafuta. Alisikiliza huku akijaza kiko chake. Kisha akacheka, si kwa ubaya hata, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Mama toto," akasema, "nani atachemsha barabara?"

Alilipenda neno lake. Alilirudia mlangoni kwa dereva wake, akalirudia kwa fundi wa mashine, na jioni vibarua walikuwa wanaulizana wao kwa wao nani atachemsha barabara, mtu anajibu bibi karani, ana kuni zake. Nililala nalo. Si kwamba liliniudhi tu. Nilitaka kujua kama lina jibu. Labda hakukosea. Labda watu walioandika kijitabu kile waliishi nchi ya joto kali, na sisi huku juu tunakoogopa baridi hatuhitaji maji yao.

Langoni mwa yadi walikuwa wamelaza kipande cha majaribio, urefu wa malori mawili hivi, ili injinia akija akanyage kitu kizuri. Jumatano saa saba mchana nilitoka na kipimajoto. Jua lilikuwa utosini, na vumbi jeupe la ziwani limejaa hewani. Nilipiga magoti mbele ya watu wote, nikatoboa tundu dogo kwenye lami kwa msumari, nikatia kipimajoto, nikakifunika kwa kiganja kisiguswe na upepo. Akina mama wa nyundo waliacha kuvunja. Mmoja akaniuliza kama namsikiliza mtoto tumboni mwa barabara. Nikamwambia ndiyo, na mtoto ana homa.

Digrii mia moja na thelathini na mbili.

Nilirudia mahali pengine, nikapata karibu hivyo hivyo. Tofauti na maji ya pipa ilikuwa digrii nane, na hii ilikuwa siku ya kawaida tu, haikuwa siku ya joto kali. Jua ndilo linalochemsha barabara. Linaichemsha kila siku mchana, bure, bila kuni. Na lori la maziwa huondoka Subukia mchana, baada ya ng'ombe wa asubuhi kukamwa na madebe kukusanywa shamba kwa shamba. Linapanda mteremko saa saba na nusu, saa nane. Nilisimama pale langoni nikatazama alama za magurudumu. Zilikuwepo. Nilikuwa nimezipita mara ngapi bila kuzitazama. Mahali lori linapokata kona kuingia yadini, lami ilikuwa imesukumwa pembeni kama blanketi lililopigwa teke, na chini yake kokoto ziko huru. Hapo ni tambarare. Niliwaza kona kama ile kwenye mteremko, lori limejaa, dereva anakanyaga breki, na blanketi linaondoka na gurudumu.

Alhamisi asubuhi nikaloweka keki nne mpya, nikavunja tatu, nikaandika nambari zake katika daftari kwa penseli ngumu, na kando yake nikaandika joto la lami ya langoni. Msimamizi akaja akafuta. Mengine mmeyasikia: keki ya nne, meza yake, shati lake.

Sikutegemea alichofanya baada ya hapo. Nilitegemea makelele. Alichukua leso, akapangusa mkono wa shati pole pole, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba Jumatatu asubuhi malori yataanza kupeleka mchanganyiko mteremkoni, na kwamba Jumatatu hiyo hiyo ataamua kama bado nina kazi. Mpaka wakati huo nikae nyumbani nifikirie kuhusu mtoto wangu.

Nilimjibu kwa Kiingereza vilevile kwamba sina jambo lingine ninalofikiria.

Usiku huo nilihesabu nikaona nimebakiwa na siku moja nzima. Ofisi za serikali hazifunguliwi Jumapili, Jumamosi zinafungwa adhuhuri, na Jumatatu ni malori. Nikabaki na Ijumaa. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza safi, kwa injinia, nikafunga keki moja katika gunia, keki baridi iliyokuwa imebaki, niliyoondoka nayo yadini, na asubuhi nikaenda kwa miguu hadi ofisi kuu ya barabara mjini.

Kwenye kaunta alikuwepo karani mtu mzima, mwenye kofia ya kufuma nyeupe, mtu wa familia zile za Kiislamu zilizokaa mjini kabla ya wengi wetu. Aliisoma barua yangu yote. Aliisoma tena mwanzo. Kisha akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Bibi, barua hii haina mlango hapa," akasema.

Akanieleza kwamba mfanyakazi wa mkandarasi akiwa na neno, neno lake hupitia kwa msimamizi wake, naye hulitia sahihi na kulipeleka kwa injinia. Ndiyo kanuni. Ikija moja kwa moja, hurudishwa yadini ilikotoka, na haifunguliwi na mtu mkubwa. Nikamwuliza kama ameona ninayemshtaki ni nani. Alisema ameona. Nikamwuliza basi msimamizi atatia sahihi barua inayosema yeye ni mwongo? Alisema hapana, hadhani.

Nikasema ninataka kumwona injinia. Injinia alikuwa Gilgil, atarudi mchana, halafu ana mkutano. Nikasema nitangoja. Akasema nitangoja kama nani? Nilidhani ananitukana. Nikamwambia nimeshatukanwa wiki nzima na watu wenye mishahara mikubwa kuliko wake, kwa hiyo aongeze bidii. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Yule karani hakukasirika. Alitazama ukutani, kisha akanitazama, akasema polepole kama mwalimu anayengoja mwanafunzi afike mwenyewe.

"Nimekuuliza kwa wema. Umekuja hapa kama nani? Kama karani wa yadi, nimekwisha kukujibu. Je, wewe huna jambo lingine na barabara ya Subukia?"

Ikachukua muda kunifikia.

"Mtoto wangu anapita juu yake," nikasema. "Kila Jumamosi. Na mama yangu."

"Basi," akasema, na akainama chini ya kaunta.

Akatoa kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa cha buluu. Kilikuwa kitabu cha malalamiko ya watumiaji wa barabara, na mtu yeyote, mwenye lori, mwenye punda, mtembea kwa miguu, aliruhusiwa kuandika humo kwa lugha yake. Alinieleza kwamba kila Ijumaa saa kumi kitabu hicho hupelekwa mezani kwa injinia, na kila neno jipya lazima alitie sahihi kwamba ameliona. Hakipiti kwa mkandarasi. Kurasa zilizotangulia zilikuwa za mashimo, daraja lililobomoka karibu na Rongai, na mtu mmoja aliyelalamika kwa ukurasa mzima kuhusu ng'ombe wa jirani.

Nikairarua barua ya Kiingereza. Karani akatazama saa yake, akanisukumia kidau cha wino, akaweka kidole chake mahali pa kuanzia. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikatoa keki kwenye gunia, nikaiweka kando ya kitabu, akaisogeza kidogo ili isiharibu jalada, lakini hakuiondoa. Nikaandika haya, na nimeyanakili hapa kama yalivyo.

*Kwa Bwana Injinia wa Barabara.*

*Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitatu anayepita barabara ya Subukia kila Jumamosi na kila Jumapili, nyuma ya lori la maziwa, pamoja na nyanya yake. Nalalamika juu ya lami ya zamani iliyopashwa moto ambayo itaanza kulazwa mteremkoni Jumatatu hii.*

*Lami hiyo haina nguvu. Imetiwa dizeli na oili chafu ya malori ili iwe laini kwa sepetu, na lami mpya uliyoagiza ichanganywe imepunguzwa. Ikiwa baridi inashika, ikiwa moto inaanguka. Vipimo vilivyokufikia vilifanywa saa moja asubuhi bila kulowekwa katika maji ya moto, kinyume cha ukurasa wa nne wa kijitabu chako mwenyewe. Najua hivyo kwa sababu vipimo hivyo niliviandika mimi. Vyote vya wiki sita ni vya bure. Naviondoa leo, kila kimoja, na naomba usiviamini hata kama herufi zake ni nzuri. Vile vya kweli viliandikwa Alhamisi na vikafutwa kwa raba. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaviona.*

*Usinisadiki kwa maneno. Keki hii ni ya mchanganyiko wa Jumatano. Iloweke mwenyewe nusu saa, uiweke juu ya meza, uitazame. Kisha nenda langoni mwa yadi saa saba mchana na kipimajoto. Kisha mwulize kiongozi wa watu wa sepetu, naye atakujibu, mradi umwulize wewe na si mtu mwingine.*

*Sisemi lami ya zamani isitumike. Nasema ichanganywe kama ulivyoagiza, ipimwe ikiwa moto, na mtu anayeipima asifutiwe. Na malori yasimamishwe hadi hayo yafanyike. Nikipoteza kazi kwa neno hili, liandikwe kwamba nilipoteza kwa neno hili na si kwa uvivu.*

*Jibu lisitumwe kwa posta kwa kuwa posta haitafika kabla ya Jumatatu, wala lisitumwe yadini. Mimi niko kwenye benchi nje ya kaunta hii, na nitakuwa hapo utakaporudi kutoka Gilgil.*